Hitilafu Haitatokea

Jumatatu, 6 Novemba 2006. Kitale.
Madam Nyaruai, meneja wa ghala letu la mahindi, ametuita ofisini mimi na Wangechi. Sisi wawili ndio tunaandika programu ya mashine ya kujaza magunia. Mashine inasoma mizani. Gunia likifika kilo tisini, kilango kinajifunga. Shida ni moja. Programu ni nzito, kilango kinachelewa, mahindi yanazidi. Madam amesema kila mtu aiharakishe kivyake. Atakayeshinda atabaki. Mwingine, kwaheri ya Desemba! Alisema hivyo akinywa chai, kama mtu anayezungumzia mvua. Na mama kule Matulo ameshatangazia kanisa zima kwamba Wepukhulu wake ni mkubwa wa kompyuta. Nikifutwa nitaficha wapi uso? Wangechi alitabasamu tu. Naogopa sana hilo tabasamu.

Jumanne, 7 Novemba.
Nimejua ugonjwa. Kila programu ikisoma mizani, inasimama kujiuliza. Waya umekatika? Mizani imekwama? Namba imeharibika? Maswali kama ya karani wa chifu, na hitilafu zenyewe hata hazitokei! Kazi ya kuzishughulikia nimeitoa njiani, nikaitupa kwenye kifungu kimoja cha programu, pembeni. Kisha nikaiambia kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu ya lugha ya C kuwa lugha ya mashine, kwamba huko kwa hitilafu hakuendwi mara kwa mara. Kasi ikapanda. Nikaimba. Halafu nikachungulia kwa Wangechi. Lo! Amefanya vivyo hivyo, na yake ni nyepesi kuliko yangu.

Jumatano, 8 Novemba.
Wazo! Nimeiambia kompaila kwamba kifungu changu cha hitilafu kikiitwa, hakirudi tena kazini. Uongo mtupu. Kinapiga kengele kisha kinarudi. Lakini kompaila ikiamini, haihangaiki kupanga njia ya kurudi, na programu inakonda. Kompaila si mjinga, ilinionya. Nikaifunga mdomo, nikazima maonyo yote. Wangechi akapita, akauliza mbona kompyuta yangu imenyamaza hivi. Nikamwambia kazi safi haina kelele. Akasema kifungu chake yeye hakirudi kweli: kinafunga kilango na kusimamisha kila kitu. "Usiidanganye hiyo kitu, bana," akaniambia. Wivu tu!

Alhamisi, 9 Novemba.
Nimeshinda! Magunia ya majaribio yamejaa sawasawa, na kasi yangu imempita Wangechi. Kesho naenda kuiweka programu kwenye ghala letu la Bungoma, mwenye kampuni mwenyewe, Mzee Muchiri, akiangalia. Nilipaswa kufurahi. Wapi! Leo hakuna hitilafu iliyotokea, kwa hivyo sijui ikitokea itakuwaje. Na sitaki kujua. Nimempigia simu Sifuna, msimamizi wa wapakiaji kule, nikamsihi mtu yeyote asiguse waya wa mizani. Nikauliza kuhusu panya. Akasema, "Panya ni wengi, lakini wamezoea." Wamezoea nini? Nilikata simu kabla hajaeleza. Nimeomba Mungu mpaka magoti yanauma.

Ijumaa, 10 Novemba. Bungoma.
Yamenikuta. Nilisimama mbele ya ule waya kama kuku anayelinda vifaranga. Gunia la kwanza, tisini. La pili, tisini. Wapakiaji wakapiga makofi, Madam akaniita injinia. Mzee Muchiri akasogea na suti yake hadi chini ya kilango cha tangi la mahindi. Akasema yeye amefanya biashara miaka mingi, na haamini kitu ambacho hajakiona kikiharibika. Kabla sijafungua mdomo, akapitisha mkono nyuma yangu. Akang'oa waya!

Kengele ikalia. Kilango kikafunguka. Chote! Programu ilifika mwisho wa kifungu cha hitilafu, ikatafuta njia ya kurudi, hakuna. Ikaporomoka hadi kwenye kifungu nilichokiandika chini yake, nacho ni cha kufungua kilango. Mahindi yakamfika Mzee magotini, kisha kiunoni. "Funga! Wewe kijana, funga!" Nikabonyeza kila kitu chenye kitufe. Wapi! Ni Sifuna aliyekifunga kilango kwa mtaimbo. Mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya lori, nimechuchumaa.

Jumamosi, 11 Novemba. Kitale.
Sikulala. Kumbe Wangechi amenitetea kwa Madam! Ati wazo langu la kasi si baya, kosa ni hilo la kudanganya tu. Nimepewa nafasi ya mwisho: Jumatatu, hapa Kitale, kwenye tangi kubwa zaidi, na Mzee atang'oa waya tena kwa mkono wake. Nikishindwa nifunge virago. Wangechi amenipa hata kifungu chake cha hitilafu nikitumie. Mtego huo! Nimekifuta.

Nimewaza mchana kutwa, na dawa nimeipata mwenyewe. Uongo haukuwa na shida yoyote. Shida ni kile kifungu cha kufungua kilichokuwa chini. Nimekihamisha, nikaweka cha kufunga mahali pake. Sasa programu ikiporomoka, itaangukia pazuri. Ni kweli kompaila huweza kuvipanga vifungu ipendavyo, si kama nilivyoviandika, lakini hivi vyangu haitavigusa. Maonyo bado nimeyazima, yananitia wasiwasi bure. Hofu yote imeniisha.

Madam amepiga simu sasa hivi. Mzee anauliza safari hii asimame wapi. Nimemjibu asogee karibu kabisa na kilango, ndipo ataona vizuri.