Mchele wa Ukweni

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na nguo zangu zote ninazo mwilini. Nimekaa kitandani, koti sijalivua, viatu sijavivua. Naandika humu kwa sababu habari mtaipata tu. Afadhali muipate kwangu.

Ile voisi niliyowatumia asubuhi, mliyoichekea mpaka mkaniita mwenyekiti wa mabahili, ifuteni. Nawaomba kwa heshima. Kila mtu aifute kwenye simu yake.

Kwa walioingia kundini juzi na hawanijui: mimi ni Elia, fundi simu hapa Dodoma mjini, mchumba wa Neema. Jumamosi wazee wangu wanatoka Chamwino kwenda Mvumi, kwa kina Neema, kumalizia mambo ya mahari na kupanga siku ya ndoa. Ng'ombe ni shughuli ya baba na wajomba. Mimi nimeachiwa vitu vya dukani: mchele, sukari, mafuta, majani ya chai. Ukweni huwezi kutokea mikono mitupu.

Sasa, Neema alishanionya. "Mama hana neno na wewe," aliniambia. "Ana wasiwasi mmoja tu. Amesikia una mkono wa birika." Dada yake mama yake aliolewa na mwanamume anayefungia chumvi kabatini na kutembea na ufunguo. Mama Neema hataki bintiye aishi hivyo. Na kwetu, mama wa binti akikunja uso siku ya mazungumzo, wazee wanaweza kuongea mpaka mate yawakauke. Jambo haliendi.

Kwa hiyo mtu mwenye akili angefanya nini? Angenunua vitu vizuri, afunge mzigo, akae kimya.

Mimi nikaenda kuzungusha supamaketi.

Mnanijua. Sinunui kitu kabla sijaona bei ya jirani. Nikaanza na ile supamaketi ya karibu na kibanda changu. Mboga zao zimesinyaa, lakini mchele, nisiwe mchoyo wa sifa, ulikuwa mrefu, mweupe, unanukia ukiwa bado mbichi. Pembeni yake kulikuwa na chenga, ule mchele uliokatikakatika, bei yake ya chini kabisa. Nikasimama hapo katikati, nikatoa simu, nikawarekodia. (Mnajua nilichosema. Wasiojua watakijua, subirini.) Nilikuwa natania? Nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo iliyoniumbua.

Nikanunua nusu kilo ya ule mrefu, nikachota konzi moja nikatia mfuko wa kulia wa koti, ili nikifika kwingine nilinganishe punje kwa punje.

Supamaketi ya pili ni ile yenye kiyoyozi na muziki wa taratibu. Nyanya zinang'aa vizuri, ukizibonyeza ni maji matupu. Mkate laini. Mafuta ya kula bei nafuu kuliko kote. Mchele wao mzuri kwa macho, ila una vumbi. Nikanunua nusu kilo pia, konzi moja ikaingia mfuko wa kushoto. Nilijiona mtaalamu. Mtu ana sampuli mbili kwenye koti, anatembea na upepo wa Dodoma, anajisikia kama ametumwa na wizara.

Ya tatu ni ile ya karibu na vinaposimama vigari vya kutoka Mvumi. Hapo ndipo ningetumia akili kidogo tu. Sikuitumia.

Mlangoni niliacha mfuko wangu kaunta ya mizigo kama wanavyotaka, nikaingia na koti langu. Mchele wa kupima unakaa kwenye visanduku vya mbao, na vijiko vyake vikubwa. Nikainama. Nikatoa konzi ya kulia, nikaitazama. Nikatoa ya kushoto, nikaitazama. Nikachota kidogo cha pale, nikachanganya mkononi, nikarudisha mifukoni. Kisha nikatia punje mdomoni. Sokoni ndivyo tunavyopima: unauma, ukisikia imekatika ka! ujue mchele ni mkavu, wa zamani, utavimba vizuri sufuriani. Sikutia punje mbili tatu. Nilijaza shavu.

Ndipo nikasikia mtu akitoa salamu ya Kigogo upande wa pili wa shelfu.

"Mbukwenyi, mwanangu. Huu mrefu mnapimaje?"

Mama Neema.

Wenye mila nyingine mtaona ajabu, lakini kwetu, mama mkwe si mtu wa kukutana naye uso kwa uso hivi hivi. Humpi mkono. Ukimwona njiani unampisha, unageukia pembeni, naye anageukia kwake, kila mmoja anabaki na heshima yake. Na kitu cha mwisho kabisa, kitu ambacho hata mlevi hafanyi, ni kutafuna mbele yake. Nami nilikuwa na shavu limejaa mchele.

Nikachuchumaa nyuma ya viroba vya unga wa sembe.

Akaja upande ule. Nikazunguka. Akasimama kwenye sukari. Nikatambaa mpaka kwenye sabuni. Akarudi kwenye mchele. Nami nikarudi kwenye unga, magoti yanauma, punje zinadondoka kutoka mfukoni moja moja nyuma yangu. Kwa akili yangu nilikuwa namheshimu mkwe. Kwa kamera za mle ndani, sijui nilionekanaje.

Basi mlinzi akanieleza nilivyoonekana. "Wewe! Simama hapo hapo!"

Alikuwa dada mmoja wa miraba minne, lafudhi ya Tanga, mkono wake ulinishika ukosi wa koti kabla sijanyanyuka. Akanivuta juu. Mfuko wa kulia ukapinduka, mchele ukamwagika sakafuni. Shaaaa. Sauti ile ilisikika mpaka kwa keshia.

"Hiki nini?"

"Mmmh."

"Nasema hiki nini?"

"Mmmh mmmh." (Siwezi kutafuna, siwezi kutema. Mkwe yuko hatua chache. Nikameza mzima mzima, mchele mbichi, unashuka ukikwaruza.)

"Si wa hapa, dada," nikasema nilipopata pumzi.

"Si wa hapa ni wa wapi? Umeulima humo mfukoni?"

Watu wakaanza kusogea na vikapu vyao.

"Nimekuja kulinganisha bei. Na ubora."

"Bei inalinganishwa mtu akiwa amechuchumaa nyuma ya unga?"

"Nilikuwa namheshimu mama yule."

Mlinzi akageuka kumtazama Mama Neema. "Mama, unamfahamu huyu?"

Mama Neema alinitupia jicho mara moja tu. Kisha akavuta kitenge chake akafunika uso, akageukia shelfu ya dawa za mbu na kutupa mgongo. Alifanya vile vile inavyotakiwa. Ni heshima kamili. Lakini mtu wa Tanga atajuaje?

"Hata mama wa watu anakuonea aibu," alisema mlinzi. "Twende ofisini. Polisi watakuja, na picha yako tutaibandika mlangoni."

(Risiti zote mbili zilikuwa kwenye mfuko wangu pale kaunta ya mizigo. Nimezikumbuka nikiwa hapa kitandani.)

Wakati nakokotwa, Mama Neema akaongea, uso ukiwa bado kwenye dawa za mbu. "Binti yangu, huyo si mwizi. Muulize kama ana ushahidi wowote autoe, aibu hii iishe."

Sikilizeni hapo. Alikuwa ananitetea. Yule mama, mbele ya watu wote wale, alikuwa ananitetea.

"Umesikia? Una ushahidi?" aliuliza mlinzi.

Ushahidi! Nikajiona nimeokoka. "Ninao! Nimejirekodi tangu asubuhi nikipita supamaketi. Sikiliza mwenyewe!" Nikatoa simu, nikafungua kundi letu hili, nikabonyeza ile voisi.

Spika ya simu yangu niliibadilisha mwenyewe mwezi uliopita. Nikaweka ya kelele, nionyeshe wateja.

"Wanangu, niko supamaketi ya kwanza hapa," nikajisikia nikisema, duka zima likinisikia. "Mchele wao mrefu, mkavu, unanukia balaa. Bei imesimama kidogo lakini ubora upo." Mlinzi akalegeza mkono. Akatikisa kichwa kwamba sawa, ameelewa. Nilitakiwa kuizima hapo. Nikabonyeza. Haikuzimika. Nikabonyeza tena. (Fundi simu. Kioo cha simu yake mwenyewe hakishiki upande wa kulia. Msiniulize kitu.)

Voisi ikaendelea.

"Sasa huu mrefu nachukua wa kwangu mimi. Ukweni nawapelekea chenga. Mvumi watajulia wapi tofauti? Wale ni watu wa ugali wa uwele. Wape chenga, watapiga vigelegele wakidhani ni pilau!"

Halafu kicheko changu. Kirefu. Sikujua nina kicheko kibaya kiasi kile.

Hakuna aliyecheka mle ndani. Keshia alishika risiti ya mtu akasahau kumpa. Mimi nilitazama ule mgongo wenye kitenge, nikaona mabega yameshuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo mahali ambapo hakupanga kuutua.

Nilikumbuka siku nilipokwenda kwao kujitambulisha. Tuliketi nje, chakula kikaletwa na kaka yake Neema, maana mama mwenyewe asingeweza kuniandalia uso kwa uso. Nilipofunua sahani, firigisi ilikuwa juu ya wali wangu. Si ya mshenga wangu, si ya kaka yake Neema. Ya kwangu. Na wali ule ulikuwa mrefu, umechambuka. Watu wa ugali wa uwele, nimesema. Najuta, jamani. Sijui niseme nini zaidi ya hilo. Najuta.

"Mwambie mama anisamehe," nilimwambia mlinzi.

"Si huyo hapo? Mwambie mwenyewe."

"Siwezi. Ni mkwe wangu."

Mlinzi alinitazama, akamtazama mama, akatazama mchele sakafuni. Nadhani hapo ndipo alipoelewa yote kwa mpigo, ule uchuchumaaji na kitenge na dawa za mbu. "Mungu wangu," akasema taratibu. Akaniachia ukosi. "Mama, anasema umsamehe."

"Nimemsikia," alisema Mama Neema.

"Amekusikia," mlinzi akaniambia.

"Nimesikia."

"Sasa mimi hapa kazi yangu nini?"

Mama Neema akainama, akanyanyua kikapu chake. Kilikuwa kizito, akakibadilisha mkono. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningepumua.

"Mwambie kijana asihangaike na mchele wa kuleta. Mchele upo. Nimekuja mjini kuununua mwenyewe, huu mrefu, kwa ajili ya wazee wake na yeye. Wageni wangu mimi siwapikii chenga."

Akaenda kulipa. Akatoka bila kugeuka.

Mlinzi hakunipeleka ofisini. Alinipa fagio. Nikafagia punje zangu zote, za supamaketi ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka chini ya shelfu, watu wakinipisha na vikapu vyao. Nilipomaliza akachukua fagio akasema, "Pole, kaka. Lakini hata mimi nisingekuoza mtu." Nikamshukuru. (Ndiyo, nilimshukuru. Ulimi ulikuwa haujui tena unachofanya.)

Nikarudi supamaketi ya kwanza. Nikanunua ule mrefu, mfuko mkubwa, na sukari, na mafuta, na majani ya chai ya bei ya juu. Sikuuliza bei ya jirani. Keshia wa pale ananifahamu, akaniuliza kama naumwa.

Neema hakupokea simu zangu mchana wote. Nilishaanza kuwaza namna ya kumweleza baba kwamba ng'ombe wabaki zizini. Nimeandika meseji ya kuomba radhi, nikaifuta, nikaandika nyingine ndefu, nikaifuta hiyo pia. Nilihofia kila neno langu litasikika kama lile la asubuhi.

Sasa hivi ameniandikia yeye. Sikilizeni, naiweka kama ilivyo:

"Mama amefika salama. Amesema Jumamosi mje wote kama ilivyopangwa. Amesema chakula chako atakipakua yeye mwenyewe, sahani ya peke yako. Uje na njaa."

Nimeisoma mpaka macho yameuma. Sijui ni msamaha, sijui ni hukumu. Namjua yule mama kidogo tu, lakini nadhani ni vyote viwili, na vyote vitakuwa kwenye sahani hiyo moja, wali mrefu uliochambuka, mbele ya baba na wajomba, na itabidi nimalize.

Tafadhalini, asicheke mtu. Na kama yupo humu anayejua namna ya kumeza wali huku koo limekuziba kwa aibu, anifundishe kabla ya Jumamosi.