Nimemsahau Babu Siku ya Kupimwa Kumbukumbu

Leo nimemsahau babu yangu kando ya barabara, pale Kanamkemer, nikiwa nampeleka mjini kupimwa kama anasahau.

Someni tena kama hamkuamini. Mimi sina haja, nilikuwepo. (Asiyekuwepo ni Babu.)

Nianze mwanzo, kwa mpangilio, kama ninavyofanya kazini. Wengi wenu mnanijua kwa sauti: Nakiru, yule anayesoma habari za saa saba redioni hapa Lodwar. Babu ni baba wa mama yangu, marehemu Asekon. Anakaa Nakalale na mifugo yake, ila wiki hii yuko kwangu Kanamkemer. Miezi miwili iliyopita alimwahidi mkwe mmoja ngamia jike. Wiki iliyofuata akamwahidi mkwe mwingine. Ngamia ni yuleyule.

Mjomba Ekai, mtoto wake wa kiume anayeuza mbuzi sokoni Kakuma, akasema basi, kichwa cha mzee kimechoka, mifugo ije kwake. Babu akasema aliwaahidi wote wawili makusudi, aone nani atakuja kuomba kwa adabu. Wote walikuja na kelele, akawanyima wote. Maelezo hayo yalinitosha mimi. Mjomba hayakumtosha. Akaitisha kikao cha familia, Jumamosi hii.

Mimi ndiye niliyepata dawa. Kuna watafiti Nairobi wanaochunguza jinsi akili ya mtu inavyobadilika uzeeni, na utafiti wao wote uko mtandaoni. Mzee anakaa mbele ya kamera, anaulizwa maswali, baadaye familia inaandikiwa barua. Nikamwambia Mjomba tusigombane, barua hiyo isomwe kwenye kikao. Akakubali kwa sharti moja: naye atumiwe linki aangalie akiwa Kakuma, nisije nikamnong'oneza mzee majibu. Nikamuuliza Babu kama ameridhika.

"Acha aangalie," akasema. "Labda atajifunza kujibu."

Kwa hiyo mifugo ya Babu, na neno lake nyumbani kwake, vyote vilikuwa vinasubiri saa nne kamili ya asubuhi ya leo. Na mimi nilikuwa nimejiandaa. Usiku niliandika orodha. Kitambulisho cha Babu. Fomu ya ridhaa. Chaja. Chupa mbili za maji. Miwani (hataki kuivaa, lakini ibebwe). Kigoda chake, kile kidogo cha mbao ambacho wazee wetu hukalia mchana na kulaza kichwa wakilala, maana Babu hakai kwenye kiti cha plastiki. Asubuhi nikapiga tiki zote sita. Baadaye niliikagua tena ile orodha. Babu hakuwemo.

Saa nne kasorobo tuko barabarani, mbele ya duka moja, boda imesimama. Mpango ulikuwa Babu akae katikati na mimi nyuma yake nimshike. Akanipa kigoda. "Nishikie nifunge shuka." Wakati huohuo simu ikalia. Mjomba, kutoka Kakuma.

"Umeshamtoa nyumbani?"

"Tuko njiani."

"Umkumbushe anakwenda wapi. Atakuwa ameshasahau."

"Mjomba, mzee hasahau."

"Anasahau. Hata wewe unajua."

Jamani, nikapandwa na hasira. Nikampangia Mjomba hoja moja baada ya nyingine. Nikamwambia Babu anakumbuka ukame wote tangu nyanya yangu akiwa msichana. Huku naongea, huku napanda boda. Nikaweka begi na kigoda mbele yangu, nikajifunika kitenge uso mzima kwa ajili ya vumbi, simu ikiwa ndani ya kitenge.

"Twende?" dereva akauliza.

"Twende," nikasema.

Kati yangu na dereva nilihisi kitu chembamba, kigumu. Nikajua ni Babu. (Babu ni mwembamba. Na ni mgumu.) Tulipofika penye matuta nikamwambia, "Babu, shikilia." Hakujibu. Sikushangaa, si mtu wa maneno mengi. Nikaendelea kumtetea kwa Mjomba mpaka mjini, na namna alivyokuwa ametulia ilinipa moyo kweli.

Saiba tuliyopanga kutumia, yaani duka la intaneti, ni ya Papa Deo, Mkongomani mtu mzima aliyeanzia biashara Kakuma na sasa ana vyumba viwili hapa mjini. Nilishuka, nikamlipa dereva, nikaingia mbio kwa sababu ilikuwa imebaki dakika tatu.

"Mama ya redio, karibu. Muzee iko wapi?"

"Anakuja nyuma yangu."

Nikaweka kigoda mbele ya kamera. Nikachomeka chaja. Nikapanga kitambulisho, fomu na chupa za maji kwa mstari mmoja. Nikabonyeza. Akatokea mtafiti, mama mmoja mpole, Daktari Moraa. Chini ya picha yake kulikuwa na kisanduku cheusi kidogo. Sikukijali.

"Habari za asubuhi, Nakiru. Mzee wetu yuko?"

"Yuko," nikasema, na nikanyoosha mkono kama mtu anayemkaribisha gavana jukwaani.

Mkono ulielekea kwenye kigoda. Kigoda kilikuwa peke yake.

"Simwoni," akasema Daktari.

"Miye naona kiti," akasema Papa Deo. "Mwenyewe sioni."

 Nikaona barabara ya Kanamkemer yote kichwani, na Babu pembeni anafunga shuka.

"Labda ametoka nje kidogo," nikasema. (Miaka tisa ya uandishi wa habari, naambia watu waseme ukweli.)

"Hakuingia," akasema Papa Deo. Hakuna aliyemuuliza.

Nikamwomba akimbie atafute boda irudi kumchukua. Akatoka. Daktari, kwa wema wake, akasema tusipoteze muda, kuna sehemu ya ndugu wa mshiriki, naweza kuijibu wakati tunasubiri. Akaeleza kwamba maswali ni mengi, na lazima asome kila moja kama lilivyoandikwa.

"Katika miezi sita iliyopita, je, mshiriki amewahi kupotea mahali anapopafahamu?"

"Hapana."

"Yuko wapi kwa sasa?"

"Hilo ni swali la fomu?"

"Hapana. Hilo ni langu."

Nikamwambia kuna hitilafu ndogo ya usafiri. Akaandika kitu. Kiliandikwa kwa muda mrefu kuliko nilichosema.

"Je, mshiriki huacha vitu muhimu mahali, kisha akasahau alipoviacha?"

"Mshiriki au mimi?"

"Mshiriki."

"Hapana."

"Je, huanza safari na kusahau sababu ya safari?"

 Kabla sijajibu, kile kisanduku cheusi kikaongea.

"Daktari, andika hivi," ikasema sauti kutoka Kakuma. "Mzee amepotea."

Mjomba Ekai. Nilipomkatia simu, aliingia kwenye linki, akazima kamera, akakaa. Alikuwa ameona kila kitu: mkono wangu, kigoda, hitilafu ya usafiri. Nyuma yake nilisikia mbuzi, na watu wanacheka. Alikuwa sokoni. Ameweka spika.

"Hakupotea," nikasema. "Nimemwacha mimi."

"Hiyo utasema Jumamosi. Mimi ninachojua, mzee alitoka nyumbani na hakufika. Daktari ni shahidi."

Hapo ndipo nilipoacha kuona aibu nikaanza kuogopa. Ningekuwa nimempokonya Babu mifugo yake kwa orodha ya vitu sita.

Nilikuwa nimesimama niende mwenyewe, ndipo mlango ukafunguliwa. Babu. Shuka imefungwa vizuri, fimbo mkononi, hana hata haraka. Alinipita, akaenda moja kwa moja kwenye kigoda, akakigeuza kukagua kama kimevunjika, akakikalia. Kisha akaangalia skrini.

"Ejok," akamsalimia Daktari, na mimi nikaanza kutafsiri, maana Kiswahili chake ni cha sokoni tu.

"Umefikaje, Babu?" nikamuuliza kwanza.

"Uliniambia tunapanda boda. Nikageuka, boda imeondoka. Nikasubiri. Ile pikipiki ikarudi kwenye steji ya boda pale dukani, haina kioo cha kushoto, imefungwa kamba ya bluu nyuma. Nikamwambia kijana, nipeleke ulipomtupa yule msichana. Akaniacha huko juu, hajui uliingia mlango gani. Nikafuata nyayo. Kiatu chako cha kulia kimeisha kisigino." Akafikiri kidogo. "Mbuzi aliyepotea anasumbua zaidi. Yeye haendi barabarani."

Daktari Moraa alikuwa ameinama. Mabega yalikuwa yanacheza. Papa Deo, aliyekuwa amesharudi, hakujisumbua hata kuinama.

"Mjomba," nikasema, "andika na hiyo."

 Kwenye kisanduku cheusi walijibu mbuzi.

Basi mtihani ukaanza. Leo ni tarehe ngapi? "Simu yake haijui?" Ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Babu akanyooka mgongo. Yule mweupe mwenye miguu myeusi. Dada yake, wa madoa. Yule wa pembe moja aliyetoka kwa mkwe wa Longech. Mama yake. Mapacha wake. Nilitafsiri mpaka nikaishiwa pumzi. Dakika ilipokwisha, Daktari akasema kwa upole kwamba, kwa kanuni za fomu, hao wote ni mbuzi, kwa hiyo ni mnyama mmoja.

"Mmoja?" Babu akaniangalia kana kwamba nimetafsiri vibaya. "Mwambie aje Nakalale awachunge huyo mmoja."

Kisha akapewa maneno matano ayashike: moto, kamba, mto, kengele, jiwe. Yakapita maswali mengine, halafu akaombwa ayarudishe. Moto. Kamba. Kengele. Mto.  Akakuna goti.

"La tano nimemwachia Ekai," akasema. "Na yeye afanye kazi kidogo."

Tukacheka wote. Nilisikia hata Kakuma wanacheka, na Mjomba pamoja nao. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya chupa zangu. Daktari akasema limebaki swali la mwisho, jepesi.

"Huyu aliyekuja nawe leo ni nani?"

Nikatafsiri huku natabasamu. Babu akaniangalia vizuri, bila haraka, kuanzia kitenge hadi kiatu kile cha kulia.

"Asekon," akasema.

Hilo ni jina la mama. Mama alifariki nikiwa darasa la sita.

Sikulitafsiri.  Kutoka kwenye kile kisanduku nilidhani litakuja neno, maana Mjomba alilisikia na analijua jina la dada yake.  Badala yake sauti za mbuzi zikafifia; nadhani alikuwa amesogea mbali nao.

"Amesemaje?" Daktari akauliza.

"Ametaja jina la mama yangu," nikasema, kwa sababu kwa siku moja nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha.

Barua itakuja Ijumaa, kabla ya kikao. Nilipotoka nje, Mjomba alinipigia mwenyewe, akasema kikao cha Jumamosi kiahirishwe. Hakueleza kwa nini, na mimi sikuuliza. Akasema tu, "Umemshika?"

Nilikuwa nimemshika. Kurudi Kanamkemer nilimkumbatia kwa nguvu mpaka akalalamika mbavu, kigoda akakibeba yeye. Tulipofika penye matuta nikamuuliza sikioni.

"Babu, kule ndani uliniita Asekon. Ulikuwa unatania?"

"Nilikuita hivyo?"

"Ndiyo."

Boda ikapanda tuta, ikashuka.

"Leo wewe umesahau mtu mzima," akasema. "Usiniulize mimi majina."

Sasa analala barazani, kichwa juu ya kigoda. Nimekaa kando yake na orodha yangu, nimeongeza namba saba: Babu. Nawaomba msicheke. Au chekeni, lakini kwa yale ya boda na kigoda tu. Lile la jina bado sijajua ni la kuchekwa au la.