Malka Niliyoifuta

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Jana kwenye mkutano wa amani hapa Garsen wazee walisema vijana wanahitaji gemu. Kijana wa mkulima acheze mfugaji, wa mfugaji acheze mkulima, kila mmoja aonje maisha ya mwenzake. Ichezwe Jumamosi. Wakauliza nani ataitunga. Silas, jirani yangu, akaanza kuinua mkono. Nikasimama kabla haujafika juu. Sijawahi kutunga kitu. Mungu ananiona.

Rachael, mke wangu, ameniuliza ni gemu gani ninayoijua. Nimesema drafti. Akasema hata kwenye drafti nashindwa na mama yake.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeanza utafiti. Kazungu, fundi simu pale sokoni, ana gemu ya boksi aliyotoka nayo Mombasa. Kila mchezaji anakuwa mtu fulani: shujaa, mchawi, mwizi. Halafu kuna msimuliaji, huyo anaamua kila kitu. Kazungu amenieleza kwamba kazi ya msimuliaji hasa ni kuwasaidia wengine wafurahie mchezo. Nimeandika "anaamua kila kitu". Hiyo nyingine sikuiandika.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekwenda kijiji cha Golbanti, kwa Kadii, mwalimu wa chekechea. Watoto wake hucheza soko, wanapokezana kuuza na kununua. Kadii akaniambia niangalie wanagombania wapi, hapo ndipo mchezo una kasoro. Mimi nimeangalia nani anashinda. Msichana mmoja aliniuzia embe la udongo, akakataa kunipa chenji ya majani. Nikanung'unika. Kadii akaniomba nisisumbue watoto.

Akanishauri pia nimuulize Jaldesa mambo ya ufugaji. Jaldesa ni rafiki yangu. Ng'ombe wake hupita kando ya shamba langu kwenda mtoni kunywa, kwenye malka, njia ya mifugo iliyoachwa wazi tangu enzi za babu zetu. Mke wake hutuletea maziwa, sisi tunawapa mabua. Lakini mtungaji kwenda kuuliza? Niliona haya.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimechora ubao nyuma ya kalenda. Mto, mashamba, malka, ng'ombe wa mbegu za ukwaju. Nilichora kwangu, maana ndiko ninakokujua. Rachael akawa mfugaji, mimi mkulima. Akanishinda. Tukarudia, akanishinda tena. Nikatafuta kasoro nikaiona: ng'ombe wake wanafika mtoni bila shida. Nikaifuta malka. Nikashinda vizuri sana.

Rachael akauliza, Baba Elsie, sasa hawa ng'ombe watakunywa wapi. Nimemwambia alale.

Jumamosi, 9 Agosti
Naandika kwa uzito.

Ukumbi ulijaa. Nilikaa kiti cha msimuliaji. Tadicha, mwana wa Jaldesa, alikuwa mkulima. Christabel, binti wa Silas, alikuwa mfugaji. Ng'ombe wake wakakwama kwenye mahindi. Akaniuliza malka iko wapi. Nikasema hapa hakuna malka, na msimuliaji habishiwi.

Jaldesa akaja kuangalia ubao. Akauona mkondo wa mto, akaona boma langu. Akaniuliza polepole ni kikao gani kilichoamua kuifunga. Nikasema hakuna kikao. Akasema ameshaona mambo haya: kwanza watu wanachora, halafu wanaweka ua, halafu tunazikana. Akasema, "Johnson, ng'ombe zangu si za mbegu." Akatoka, na wafugaji wote wakamfuata.

Silas akaninong'oneza kwamba yeye angeuliza kwanza. Alinong'ona hadi mlangoni wakasikia.

Jumapili, 10 Agosti
Maziwa hayakuja. Rachael ameniwekea chai ya rangi. Kanisani sikuimba. Watu wanaulizana kama ni kweli malka inafungwa, na mimi ndiye niliyeanzisha.

Jioni nikaenda kwa Jaldesa. Nikakiri yote: sikuuliza mtu, niliifuta kwa sababu mke wangu alinishinda. Mke wake akacheka, akaingia ndani acheke vizuri. Jaldesa akanipa fimbo, akasema kama nataka utafiti, nipeleke ng'ombe mtoni.

Nimewapeleka. Mmoja amenikanyaga kidole. Ndama akaponyoka akaingia kwa Silas. Silas akaja mbio na panga, akiniita mwizi wa mahindi, kabla hajajua ni mimi. Kumbe hivi ndivyo inavyokuwa kwa mfugaji. Mbele yangu sikuona kitu kingine ila maji.

Jaldesa amesema hiyo ndiyo gemu, nikaichore hiyo. Nikaagana naye kwa mikono miwili. Nimeungama kwa Mungu pia.

Jumatatu, 11 Agosti
Maziwa yamekuja. Wazee wamenipa nafasi ya pili, Jumamosi ijayo. Nimechora ubao mpya leo. Mimi si mtu yule tena. Malka ipo, tena pana, ng'ombe kumi wanapita sambamba. Jaldesa hatakuwa na neno.

Nimeipitisha katikati ya shamba la Silas.