Chungwa Halijui Kuogelea

Jumatatu, 9 Februari

Siku sita zimebaki. Mbio za Ghuba ya Gannet ni Jumapili: kilomita moja na nusu, kutoka ufukweni hadi boya la njano na kurudi. Nina miaka hamsini na mitano na tumbo linalonitangulia kila niendako. Nimeshiriki mara nne. Sijamaliza hata mara moja.

Kwa kumbukumbu tu. Mwaka wa kwanza, mguu ulikaza. Wa pili, yavuyavu lilinichoma kwa mikia yake ya sumu. Wa tatu, miwani ilijaa maji nikatokea ufukwe wa jirani, katikati ya harusi ya watu. Wa nne nililizunguka boya kwa ufundi mkubwa, nikarudi kifua mbele, nikaambiwa lile lilikuwa la dema, mtego wa kaa.

Sheria ya klabu yetu ni moja: asiyemaliza anakata na kukaanga vitunguu vya kuwekea soseji za waliomaliza. Miaka minne nanuka vitunguu! Leo shemeji Clive, kaka yake mke wangu Glenys, kanionyesha aproni aliyoshonesha. Herufi nyekundu: BWANA VITUNGUU. Eti nikishindwa mara ya tano ni yangu ya kudumu, mpaka kufa. Akauliza, "Shemeji, kisu umeshanoa?" Nikamjibu kwamba mwaka huu soseji nitaletewa. Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Wahenga hawakuniona nikiwa nimevua.

Jumanne, 10 Februari

Mafuta! Nimesoma mahali kwamba waogeleaji wakubwa hujipaka mafuta ya kondoo ili wateleze. Nikajipaka kopo zima, kuanzia shingoni hadi unyayoni. Maji sikuyafikia. Kitasa cha bafu kiliteleza, mlango ukakataa kufunguka. Dakika arobaini nimekaa ukingoni mwa beseni kama samaki anayesubiri kukaangwa.

Glenys aliporudi kazini alinifungulia. Akauliza, kwa upole, kama hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Kisha akataja, kama mtu anayetaja kwamba maziwa yamekwisha, kuwa naye kajiandikisha. Mara ya kwanza maishani! Eti ataenda mdogomdogo na Bi Dulcie, wapige soga. Nikamwambia vizuri, mke wangu, ila usijilazimishe, si kila mtu ameumbiwa bahari. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nang'aa.

Jumatano, 11 Februari

Ugunduzi! Kando ya miamba kuna mkondo unaotoka kwenda baharini. Waokoaji wamesimika bango pale kuonya watu wasiingie. Miaka yote hii nililiona onyo, kumbe ni kituo cha usafiri!

Nikapanda miambani na machungwa matatu. La kwanza likafika usawa wa boya kwa dakika nne. Nne! Mimi huchukua ishirini, siku nikiwa na afya. Chungwa halijui kuogelea. Halina mikono. Halijaamka alfajiri hata siku moja. La pili, dakika nne na nusu. La tatu nikalila, kwa sherehe.

Bi Dulcie, katibu wa klabu, miaka sabini na mmoja, alikuwa anatoka majini. Akauliza naonea nini matunda. Nikamweleza. Akafikiri, akauliza kama machungwa yalirudi. Nikamwambia hilo halikuwa sehemu ya utafiti.

Ijumaa, 13 Februari

Sikufanya mazoezi. Natunza nguvu.

Clive kanitumia picha ya gunia la vitunguu, bila neno. Nikamtumia picha ya chungwa. Akajibu kwa alama ya kuuliza. Mwache ateseke.

Nimeikalia miwani yangu ya kusomea. Mpya ni Jumatatu. Si kitu. Baharini hakuna cha kusoma.

Jumapili, 15 Februari

Naandika nikiwa nimelala chali. Nieleze kwa mpangilio.

Asubuhi nilitupa chungwa la nne, kwa uhakika. Dakika nne. Nikarudi nyumbani kunywa chai. Ile mikanda ya mguuni, yenye chipu za kuhesabia muda, ilikuwa kwenye bakuli kando ya birika. Wangu ni namba 61. Nikauvaa.

Honi ikalia. Watu mia mbili wakaenda moja kwa moja. Mimi nikajiendea kando, kwenye miamba, huku nikipiga miluzi. Mkondo ukanidaka. Raha iliyoje! Sikusogeza hata kidole. Dakika ya nne, boya li usawa wangu. Ya tano, boya li nyuma yangu. Ya nane, boya halipo. Ndipo swali la Bi Dulcie liliponifikia, limechelewa kama basi la Jumapili.

Nikainua mkono. Akaja mwokoaji juu ya ubao, dada mmoja mwenye mabega kama kabati. Akasema, "Mzee, safari ya wapi? New Zealand?" Akanilaza mbele yake kama godoro. Njiani tulipishana na chungwa langu.

Nilipokanyaga mchanga nilitaka kuubusu. Niliubusu. Sijawahi kuona mchanga mtamu vile. Dada yule akanivua mkanda akaupeleka hemani, nami nikajikokota kuelekea kwenye vitunguu vyangu.

Nikamkuta Clive mbele ya ubao wa matokeo, mdomo wazi. Ubao ulisema: Neville Tarrant, wa tatu kwa wanaume waliovuka hamsini, dakika thelathini na nane. Chini yangu, wa nne: Clive! Sikuelewa. Ila sikuuliza pia. Watu wakanipiga mgongoni. Bi Dulcie akanivika medali, akinitazama kama mtu anayekagua noti. Akatangaza kwamba, kama kawaida, watatu wa kwanza wanatuwakilisha mbio za kisiwani baada ya wiki tatu. Kilomita tano!

Kisha kipaza sauti: namba 19, Glenys Tarrant, hakumaliza. Vitunguu tafadhali.

Kumi na tisa. Nikaupindua mkanda kichwani mwangu. Sitini na moja ikipinduliwa! Niliuvaa wake. Yeye kavaa wangu. Aliyemshinda Clive kwa jina langu ni mke wangu, huku akipiga soga.

Na Glenys? Alichukua kisu, akasimama mezani, akaanza kukata. Akanitengenezea soseji yangu ya kwanza ya ushindi katika miaka mitano, akaniletea. Machozi yanamtoka. Sikujua ni vitunguu au ni mimi.

Nikang'ata. Haikushuka.

Nikasema. Mbele ya wote, mdomo umejaa. Nikasema mkanda si wangu, muda si wangu, mimi nimeletwa kwa ubao kama mzigo. Bi Dulcie akaniuliza kama chungwa limerudi, na ufukwe mzima ukaangua kicheko. Clive alinifunga aproni kwa mikono yake mwenyewe, mafundo mawili, akilia kwa furaha.

Ajabu ni kwamba nilihisi wepesi. Medali ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Akavishwa Glenys: wa kwanza kwa wanawake waliovuka hamsini. Kisiwani ataenda yeye. Yeye! Si mimi! Nilikaanga vitunguu nikiimba. Bila kujisifu, vilikuwa vitamu, watu walirudi mara mbili.

Jumatatu, 16 Februari

Glenys kasema aligundua kavaa mkanda wangu tangu tukiwa ufukweni, honi ikilia, akawa hana la kufanya. Baadaye akanyamaza makusudi apime nitachukua muda gani kukiri. Alikuwa amenipa muda wa kukata vitunguu vitano. Nilikiri cha pili hakijaisha. Kasema hakutegemea, na akanibusu kipara.

Muda wangu bora kabisa katika mashindano yoyote.

Nimelala mchana kutwa. Hakuna kisiwa, hakuna kilomita tano, hakuna siri. Aproni iko msumarini na wala si mbaya, ina mfuko. Bahari na mimi tumemalizana kwa amani.

Jumapili, 22 Februari

Nimepita miambani. Kutembea tu. Nilikuwa na chungwa, kwa bahati.

Limerudi! Lenyewe! Limekwenda, likazunguka, dakika kumi na moja likaja kugusa vidole vyangu vya miguu.

Nikaenda mbio kwa Bi Dulcie kuuliza kama mbio za kisiwani bado zina nafasi hata kwa asiyechaguliwa. Akaniambia mwezi umebadilika na maji yamebadilika, na siku ile hayatakuwa haya. Nikamwomba asinichanganye na mambo madogomadogo.

Nafasi ipo. Nimepewa namba 66.

Ukiipindua ni 99. Haigongani na ya mtu yeyote nyumbani. Safari hii nimefikiria kila kitu.