Waya Mvivu wa Phelister

Jumatatu, 2 Februari 1998. Timau

Meneja Mutahi ametangaza kwamba Ijumaa atachagua mkuu wa kompyuta wa shamba. Ni mimi au Phelister. Phelister ana diploma na alikuja juzi tu kutoka Kakamega. Mimi nina miaka sita hapa, na cheti cha wiki tatu kutoka Nanyuki. Mkuu atapewa kiti cha kuzunguka. Nakitaka kiti hicho vibaya sana. Kanisani nimeshasema ninacho.

Jumanne, 3 Februari

Nimegundua uzembe! Swichi ya ofisini, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta, na ile ya banda la kupakia maua zimeunganishwa kwa nyaya mbili, lakini mmoja umelala. Nikamuuliza Phelister. Akasema umelala makusudi: habari zikipata njia mbili huzunguka tu bila kufika, kwa hivyo swichi hufunga njia moja na kuifungua nyingine ikikatika. Eti swichi zenyewe hupiga kura kuchagua mkubwa wa kupanga hayo. Kura tena! Zetu za Desemba hata hazijapoa.

Mkubwa ni swichi ya banda, anakokaa yeye. Yangu ya ofisini imeshindwa bila kampeni.

Jumatano, 4 Februari

Phelister alipoenda chai, nikaingia kwenye mipangilio. Swichi yangu nimeibandika jina MWIRIGI MKUU. Kuna namba ya cheo pia. Nimeipa kubwa kuliko zote, 65535, kisha nikakaa kungoja matokeo.

Imeshindwa! Nimesoma kitabu cha swichi. Mwenye namba ndogo ndiye hushinda. Diwani gani amewahi kuingia kwa njia hiyo? Nimeudhika mpaka chakula cha mchana kimenishinda.

Alhamisi, 5 Februari

Asubuhi nimefuta uchaguzi wenyewe, kwenye swichi zote mbili. Waya mvivu ukaamka. Taa zote zikapepesa pamoja, kijani kitupu. Raha iliyoje!

Dakika moja baadaye kompyuta zote ziliganda. Lebo haziprinti. Maboksi ya waridi za Valentine yakarundikana mpaka mlangoni, na lori la uwanja wa ndege likinguruma nje. Mutahi akaja jasho likimtiririka. “Mwirigi, mimi niko na maua elfu arobaini na sina hata lebo moja.” Nikamwambia labda ni panya.

Phelister alichomoa waya mmoja tu. Lebo zikaanza kutoka. Akafungua mipangilio aone nani kaigusa, na jina langu likajaa kwenye skrini kwa herufi kubwa. Nilisema ni panya mwingine. Hakuna aliyecheka. Niliona aibu kweli.

Ijumaa, 6 Februari

Phelister amepata kiti. Alizunguka mara mbili, nilihesabu. Mimi nahamishiwa duka letu la Nyeri, kuuza maua, mbali na swichi. Mutahi amerudia hayo ya swichi mara tatu.

Jumatatu, 9 Februari. Nyeri

Nimefika. Msimamizi wa duka, Mama Wacera, hana habari za Timau. Anauliza kama najua kompyuta. Nimemwambia nilikuwa mkuu.

Ana swichi mbili nyuma ya duka, zimeunganishwa kwa waya mmoja. Mmoja! Nimelifikiria jambo la Timau njia nzima na sasa naelewa kosa lilikuwa wapi. Nyaya mbili zilikuwa chache. Mama Wacera amekubali tuweke nne.