Ncha ya Mrija wa Melania

Jumatatu, 4 Machi

Gitega. Siku ya tisa hospitalini! Mfupa wa mguu wa Melania, mke wangu, umejaa usaha, na mishipa ya mikono imechoka sindano. Kesho Dokta Prosper atampitishia mrija mrefu, mwembamba, uingilie mkononi, ncha yake ikomee mlangoni mwa moyo. Dawa haianzi mpaka picha ya eksirei ithibitishe kwamba ncha imekaa pale. Dawa ikichelewa, mguu unakatwa. Apande vilima vyetu vya Gasorwe kwa mguu mmoja? Mungu apishe mbali! Tulirudi kutoka kambini Tanzania na miguu yote minne.

Jirani yetu wa kitanda ni Hamadi, fundi cherehani wa Muyinga mjini. Anamuuguza mama yake, Kadidja, anayesubiri mrija kama wetu. Kasema tumwachie dokta kazi yake. Maneno ya mtu asiye na mpango. Mimi ninao.

Jumanne, 5 Machi

Nilitolewa chumbani. Nesi Imelda akamwambia Melania ageuzie uso kulia, kwenye mkono wa mrija, kidevu kiguse bega, mrija usije ukapotea njia. Nikazunguka nje. Nikapata dirisha la kushoto! Nikainua rozari, nikaipunga. Melania wangu akageuka, akatabasamu. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, bado ananitazama hivyo!

Picha: mrija umepanda shingoni.

Dokta aliuliza nani kamgeuza mgonjwa. Nilikuwa nachunguza dari.

Jumatano ya Majivu, 6 Machi

Mrija umeingizwa upya. Dirishani wameweka pazia. Hewala, nilikuwa na mpango wa pili. Asubuhi nilimwomba Hamadi sindano na uzi. Akauliza iko nini tena, Baba Happy? Nikasema kifungo. (Uongo, siku ya majivu! Nisamehewe.) Nikashona medali ya Bikira Maria ndani ya gauni la Melania, juu ya moyo kabisa. Kabla ya picha Imelda akakusanya hereni, mkufu, pini. Medali hakuiona. Ha!

Picha: medali nyeupe pee, imekaa juu ya ncha. Dokta akasema Mama Maria anamwona vizuri sana, ncha ndiyo haioni. Nikamwambia basi dokta, kama Mama mwenyewe yuko pale, unataka shahidi gani mwingine? Anzisha dawa! Korido nzima ikacheka.

Melania hakucheka. Ana homa, mguu unawaka. Kabla picha haijarudiwa, umeme ukakatika. Kesho nafasi pekee ya picha iliyobaki ni ya Kadidja. Sisi mpaka Ijumaa! Melania akasema Baba Happy, umeniombea vya kutosha, sasa kaombee nje.

Alhamisi, 7 Machi

Hamadi katoa nafasi ya mama yake, Melania atangulie! Kisha akanikalisha uani penye mafiga, akanipa mwiko. We koroga maharage, mtu wa kambini, na usiinuke. Nilikoroga mpaka yakawa uji. Imelda akaja mbio: ncha iko mlangoni mwa moyo, barabara! Saa nne dawa ikaanza kudondoka. Nikalia ndani ya sufuria. Yoo, Melania! Nimemwahidi Mungu: ujanja basi. Basi kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Homa imeshuka. Melania kala ndizi mbili na kunigombeza mara tatu. Anapona!

Mchana huu Kadidja anawekewa mrija, mkono wa kulia. Hamadi kaenda kuswali. Kaniomba nikae na Melania, nisiguse kitu chochote. Lakini bibi wa watu, peke yake mle ndani, na sisi walitupa nafasi yao! Medali sitamshonea. Yeye Mwislamu, nami nina akili.

Tasbihi ya Hamadi ilikuwa kitandani. Sasa iko mfukoni mwangu. Pazia limepelekwa kufuliwa. Nimesimama dirisha lile lile la kushoto.

Akigeuka kidogo tu, ataniona.