Mikono Safi Ukweni

Jumatano, 18 Machi 2020
Vitakasa mikono vimeisha Kahama nzima! Nimezunguka maduka yote ya dawa. Kwa Nurjahan, mwenye duka la stendi, nikaona chupa moja kaunta. Kumbe ni yake mwenyewe. Kaniambia nikanawe kwa sabuni kama watu. Sabuni! Jumapili naenda Maganzo kujitambulisha kwa wazazi wa Limi. Basi litajaa watu wanaokohoa, na ukweni huwezi kukataa mkono wa mtu. Nikiugua, ndoa basi.

Ijumaa, 20 Machi
Nimepata akili! Jirani yangu Mama Sikujua anapika gongo kwa siri. Ukiliwasha linawaka. Kijidudu gani kitapona hapo? Kanijazia kichupa cha manukato. Akauliza kama nimeanza kunywa. Nikamwambia ni la mikono tu. Alicheka mpaka akakaa chini. Hana elimu yule. Nimekamulia ndimu kuua harufu. Mimi Donatus si wa mchezo.

Jumapili, 22 Machi
Balaa! Kwenye basi nilijipaka kila nilipogusa chuma. Bibi mmoja akahama kiti. Jamaa mwingine akaja kukaa, akauliza kama limebaki kidogo.

Maganzo nikapokewa na baba yake Limi, Mzee Masalu, mzee wa kanisa la Wasabato. Kwa wasiwasi nikatoa shikamoo mpaka kwa watoto. Tukanawishwa. Lakini lile kopo la kunawishia limeshikwa na nyumba nzima! Nikageuka, nikajipaka tena kisirisiri. Mara mzee akasema mgeni ndiye aombee chakula, na tushikane mikono. Nikaomba kwa hisia. "Amina" niliitikia peke yangu. Mzee alikuwa ananusa kiganja chake. Akauliza ni nini hiki. Nikasema dawa. Akasema hata marehemu kaka yake alikuwa anaiita hivyo hivyo.

Ugali sikuuonja. Nimemwacha Limi analia. Jamani, nimejimaliza!

Jumanne, 24 Machi
Limi hapokei simu. Mjomba Stanslaus, mshenga wangu, kaenda kuniombea msamaha. Karudi na habari mbaya: Abel, fundi baiskeli wa Songwa, naye anamtaka Limi. Jana alifika na mche wa sabuni, wakanawa wote, wakamsifu. Mtu mzima anajipendekeza kwa sabuni! Hana haya.

Alhamisi, 26 Machi
Limi kapiga! Baba yake kanipa nafasi ya mwisho. Nihudhurie kanisani Sabato hii. Ni siku ya Meza ya Bwana, na kabla yake watu hutawadhana miguu. Mzee kasema nitaosha yake, naye ataosha yangu. Limi kaniapisha: pombe ikinukia hata tone, nimsahau. Nimeapa. Nampenda yule binti kuliko roho yangu.

Lakini hilo beseni! Limepita miguu ya nani na nani? Nimehangaika mpaka nimepata jibu. Petroli! Haina kileo hata chembe, na mzee mwenyewe ana pikipiki, harufu kaizoea. Nitaimimina kwenye beseni akifumba macho kuomba.